Kamba Mbili za Mguu wa Mke Wangu

Mke wangu ana mguu mkubwa. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu mwenyewe amenipa ruhusa, baada ya kunikataza kwa miaka, na kwa sababu usipolijua hutaelewa kwa nini mtu wa heshima zangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi linalojulikana Tanga nzima, alimaliza jioni ya mwisho ya safari yake mjini Toronto akihangaika na sufuria, simu na mzee wa Kijapani.

Kwetu kiatu cha kike cha kumtosha hakikuwahi kupatikana. Vitenge nilimnunulia, dhahabu nilimnunulia, lakini kiatu kilinishinda. Kwenye harusi za watu alivaa makubazi ya kiume chini ya gauni refu, akawahi kiti cha nyuma, akaivuta miguu uvunguni, na hapo haondoki mpaka watu watawanyike. Mwaka mmoja nilimletea jozi kutoka Nairobi, nikajipongeza njia nzima. Vilikuwa vikubwa mno. Akavijaza pamba. Wakati wa kutoa zawadi kiatu kimoja kikabaki katikati ya ukumbi, yeye akafika mbele na kingine. Kuna shemeji yangu mmoja anakicheka kisa hicho hadi leo.

Sasa binti yetu wa mwisho alikuwa anaagwa Jumamosi. Mama wa binti ndiye anayewapokea wakwe mlangoni, na husimama mpaka mkwe wa mwisho aketi. Hapo hakuna kiti cha nyuma. Usiku ule ninafunga begi aliniambia, "Safari hii nataka nisimame kama mama za wenzake. Viatu vya kufunika vidole, vya kike, kisigino kiwe cha kadiri. Rangi damu ya mzee, kama gauni. Na vinitoshe. Kama havitanitosha, usivilete, nitajua nitakavyofanya."

Nilijua atakavyofanya. Angesema anaumwa, angebaki chumbani, na dada yake angesimama badala yake.

Kwetu ukimwagiza msafiri kiatu humpi namba, maana namba zinabadilika kila nchi. Unampa kamba. Mke wangu alikata vipande viwili vya kamba nyembamba ya katani kutoka kwenye roli la dukani kwangu. Kimoja kilitoka kisiginoni hadi ncha ya kidole gumba. Kingine kilizunguka unene wa mguu pale juu ya vidole. Akavifunga kwenye leso, akanikabidhi gizani kama mtu anayetoa hirizi. "Usizikunjue mbele za watu," akasema.

Toronto nilikwenda kuangalia mashine iliyotumika ya kutengeneza misumari. Wasomi wetu wa pale Tanga walikuwa wameijadili mashine hiyo mwaka mzima juu ya vikombe vya kahawa. Mimi niliyeishia darasa la nne nikakata tiketi. Niliiona, nikaigonga kwa nyundo, nikaisikiliza, nikainunua. Kazi hiyo ilikwisha mapema na wala haikunisumbua. Kilichonisumbua ni mahali pa kulala.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, alikuwa anaishi mtaa wa Weston, ghorofani, yeye na mkewe Mrundi na mtoto mchanga. Kwenye simu aliniambia, "Mjomba, usihangaike na hoteli, sebule ipo." Kufika sebuleni nikamkuta mama mkwe wake, amekuja kutoka Bujumbura kumtunza mzazi, ametandika kwenye kochi. Mama mkwe wa mpwa wangu ni mkwe wangu mimi pia. Nilale naye chumba kimoja, tumetenganishwa na televisheni?

"Huku hakuna anayejali, mjomba," mpwa wangu akasema.

"Kwako wewe hakuna anayejali. Mimi nitarudi Tanga."

Basi akanitafutia hosteli. Nilizozijua mimi ni hosteli za kanisa za kwetu: chumba cha mtu mmoja, shuka limepigwa pasi, chandarua, na sista anayekuletea chai ya maziwa asubuhi. Nikakubali bila kuuliza. Nikapelekwa kwenye jumba la matofali katikati ya mji, nikaingizwa kwenye chumba chenye madabo deka manne na vijana ambao soksi zao zilikuwa zinakauka juu ya bomba la joto. Nikapewa kitanda cha juu. Mimi, baba wa watoto sita, ninayeamkiwa na mkuu wa polisi, napanda ngazi kwenda kulala, na nikigeuka usiku kitanda kinalia mpaka mtu anakohoa kunikanya.

Kitanda cha chini yangu alilala mzee wa Kijapani. Mle ndani watu wazima tulikuwa sisi wawili tu. Alikuwa amestaafu kazi ya ualimu, mkewe hapendi kusafiri, akaja peke yake kuiona Kanada. Kiingereza changu ni cha kununulia na kuuzia. Chake kilikuwa cha kuomba radhi. Kila jioni alirudi na vijisanduku vya zawadi za watu wa kwao, akavipanga kitandani, akavitazama, akavipanga upya. Tulikuwa tunaamkiana vizuri.

Siku ya mwisho nilikwenda mtaa wa Parkdale, nikamaliza viatu vya watoto, vya dada zangu na vya karani wangu. Kamba ya mke wangu niliiacha iwe ya mwisho kwa kuwa nilitaka duka la maana. Nikaingia duka lenye zulia. Msichana wa pale nikamkunjulia leso pembeni, nimewapa watu mgongo. Hata hakuigusa kamba. Aliitazama tu.

"Hiki ni cha mwanamume," akasema.

"Ni cha mwanamke. Namjua."

"Vya wanawake vinaishia hapa," akasema, akanionyesha kwenye kamba yangu, akabakisha kipande kirefu cha kunidharau. Lakini alinielekeza. Mtaa wa Yonge, kuna duka linalouza viatu vya kike vikubwa tu, na linafungwa saa moja usiku.

Nilikuwa na mizigo mikono yote miwili, mvua ya Oktoba inanyesha ya ubavuni, na tangu asubuhi sijala. Nikaona nirudi hosteli, niweke mizigo, nile, halafu niende nikiwa mtu. Ndege yangu ilikuwa alfajiri.

Sasa jiko la hosteli ile. Kila ukuta una karatasi yenye amri. Osha sahani yako. Futa sahani yako. Rudisha sahani ulipoitoa. Kila chakula kwenye friji lazima kiwe na jina la mwenyewe na siku atakayoondoka. Nilishawahi kukuta mle nusu ya kitunguu, nusu, ina jina la mtu. Siku ya pili nilipika ubwabwa nikawaambia vijana waliokaa mezani, "Karibuni." Wakanishukuru, wakaendelea kula mikate yao mikavu kila mtu na wake, wamenitupia macho kama nawauzia kitu. Kula peke yangu huku watu wananitazama ni jambo ambalo sikulizoea na sitalizoea.

Jioni ile nilikuwa na kuku. Niliomba kitambaa cha kushikia sufuria, nikaambiwa kiko kwenye mashine ya kufulia. Sufuria inachemka, mchuzi unapanda. Nikaitoa leso mfukoni, nikaifungua, na zile kamba mbili nikaziweka kwenye rafu iliyokuwa karibu na dirisha. Rafu hiyo nayo ilikuwa na karatasi yake. Nilikuwa nimeshachoka na karatasi. Niliona juu yake chumvi, mfuko wa tambi uliofunguliwa, mshumaa na mwavuli, nikajua hapo ndipo wapishi wanapowekea vitu vyao. Nikaishika sufuria kwa leso, nikaipua, nikala, nikaosha, nikafuta, nikarudisha nilipoitoa. Nilipogeukia rafu, chumvi ipo, tambi zipo, mwavuli upo. Kamba hakuna.

Nikatazama chini ya meza. Nikatazama kwenye pipa la taka, nikalichakura mpaka kijana mmoja akaniuliza kama bado nina njaa. Nikaenda mapokezi. Msichana wa mapokezi, mwenye pete puani, aliacha kutafuna kwa muda.

"Uliziweka kwenye rafu ya dirishani?"

"Ndiyo."

"Ile ni rafu ya vitu ambavyo watu hawavitaki tena. Ukiweka pale umegawa. Karatasi inasema."

"Nani anagawa kamba?"

"Nani anachukua kamba?" naye akaniuliza, na nikaona hana nia mbaya, anashangaa tu kama mimi.

Aliyezichukua nilimkuta chumbani kwetu. Mzee wa Kijapani alikuwa amepiga magoti mbele ya kitanda chake na vijisanduku vyake vyote viko kwenye mstari. Kila kimoja kimefungwa msalaba, kifundo juu, ncha zimekatwa kwa mkasi mdogo wa kucha zikalingana. Kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Na kamba ilikuwa katani ya dukani kwangu, ambayo naijua hata kwenye giza.

"Hiyo kamba," nikasema.

"Nzuri sana," akasema, uso unang'aa. "Ina nguvu. Bure. Jikoni."

"Si bure. Ni mguu wa mke wangu."

Akaitazama kamba. Akanitazama mimi. Nikavua kiatu, nikakaa sakafuni, nikaonyesha kwa kidole kutoka kisiginoni hadi gumba, halafu nikazungusha kidole kwenye unene wa mguu. Nikaonyesha duka, nikaonyesha kununua, nikaonyesha saa. Nikaonyesha ndege. Niliona linamwingia taratibu, na lilipomfika alikaa chini kabisa, rangi ikamtoka, akaanza kuomba radhi kwa lugha mbili.

Halafu akavifungua vyote. Nilimwambia aache, hakuacha. Akatoa vipande vya kamba kimoja kimoja, akavilaza sakafuni, na ncha alizozikata akazitafuta chini ya kitanda. Tukaanza kuunga. Lakini kamba zile mbili zilitoka roli moja, hazina tofauti yoyote, kwa hiyo vipande vya urefu vilikuwa vimechanganyika na vipande vya unene. Tukiunga hivi mguu unakuwa wa mtoto. Tukiunga vile unakuwa kasia. Wazee wawili tumeinama sakafuni na nyuzi, na kijana mwenye mswaki mdomoni anaturuka akiuliza kama mchezo huo unachezwa na watu wangapi.

Nilisimama. Hasira zilikuwa zimenijaa na sikuona pa kuzimwagia, maana mtu anayekuomba radhi mfululizo huwezi kumgombeza, atakosa pa kupumua. Nikachukua kadi ya simu, nikashuka chini kwenye simu ya ukutani.

Kule ilikuwa saa kumi na mbili jioni, kwetu saa saba usiku. Nyumba yangu ilikuwa ya kwanza mtaani kuwekwa simu, na simu hiyo iko ukumbini ili wageni waione, kwa hiyo ililia sana kabla mtu hajaifikia.

"Nani kafa?" mke wangu akauliza.

"Hajafa mtu. Ni mimi."

"Umepatwa na nini?"

"Kamba zimekatwa."

"Kamba gani?"

"Zako. Za kiatu."

Niliwasikia mbwa wa jirani.

"Zimekatwa na nani?"

"Na Mjapani."

"Mjapani kaingiaje kwenye miguu yangu?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, maana unapoeleza jambo la kijinga kwa simu ya mbali linazidi ujinga. Aliuliza kwa nini kamba zilitoka kwenye leso. Nikasema sufuria. Akauliza kwa nini mimi nilikuwa napika. Nikasema ndiyo hosteli ya huku. Akauliza masista wako wapi.

"Sikiliza," nikasema. "Kadi inakwisha. Chukua rula, pima, unitajie."

"Hakuna rula. Wavulana wamekwenda nazo shule ya bweni."

"Basi futi ya fundi."

"Iko kwa fundi."

"Mwamshe."

"Nimwamshe fundi cherehani saa saba ya usiku nimwambie nataka kupima mguu? Kesho soko zima litajua. Afadhali nivae makubazi."

"Bibie, Jumamosi wakwe wanakuja."

"Mimi ndiye niliyekwambia wanakuja."

Dakika zinakwenda, nimeegemea ukuta wa hosteli, juu ya kichwa changu karatasi inasema simu isizidi muda fulani. Nilifikiri amekata. Halafu akasema kwa sauti ndogo, ile anayoitumia wageni wakiwa sebuleni:

"Vaa mwenyewe."

"Nivae nini?"

"Hivyo viatu. Vikikutosha wewe, vinanitosha mimi."

"Umejuaje?"

"Baba watoto, ndala zako za bafuni unafikiri ni nani anayezilowanisha kila siku? Makubazi yako uliyoyatafuta mwaka juzi ukamfukuza kazi mtumishi, nilikuwa nayo kwenye harusi ya mtoto wa mwenyekiti. Mguu wangu na wako ni mmoja. Tangu tunaoana."

"Sasa kwa nini usiniambie? Umenipa kamba. Nimezibeba kamba mpaka Ulaya na Amerika."

"Ningekwambia ungewahadithia wenzako pale dukani. Wewe jambo halikai kinywani." Halafu akaongeza, "Wa kushoto unazidi kidogo. Kumbuka." Kadi ikaisha.

Nilibaki nimeshika mkono wa simu. Miaka yote ile ya ndoa niligombeza watoto wangu kwa ajili ya ndala.

Nilipotoka nje mzee wa Kijapani alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli. Ulikuwa ule wa kwenye rafu. Nilimwambia abaki. Hakubaki. Nilitembea haraka ili nimwache, naye akatembea haraka ili mvua isinifikie, na hivyo ndivyo tulivyofika Mtaa wa Yonge, mimi mkavu, yeye bega moja limelowa, na muda wa kufunga umekaribia.

Duka lilikuwa dogo, safi, viatu vimepangwa chini ya taa kama mapambo. Viatu vya kike vyenye ukubwa wa haki. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, mrefu, miwani imening'inia kifuani.

"Nataka kiatu cha kike," nikasema. "Kinitoshe mimi."

"Karibu sana," akasema, wala hakushtuka. "Cha shughuli gani?"

"Harusi. Ni cha kusimama mlangoni kupokea wageni."

"Hongera."

"Siyo mimi. Ni mke wangu."

"Bila shaka."

"Yeye yuko Afrika. Miguu yetu inalingana."

"Wateja wangu wengi huniambia hivyo," akasema kwa upole. "Huku nyuma kuna kioo na pazia, ukipenda faragha."

Hapo ndipo nilipoelewa anachokifikiri, na nikaona kwenye kona bwana mmoja mwenye mabega ya kuchukulia mizigo anajaribu buti za kike nyekundu, naye akaniinamishia kichwa kama mtu anayemwona mwenzake. Nikaeleza upya. Nikaeleza habari ya kamba, ya sufuria, ya Mjapani. Nilivyozidi kueleza naye akazidi kuwa mpole. Mwisho akaniuliza kama rafiki yangu angependa kukaa, na mzee wa Kijapani akakaa, akavipakata magotini viatu vyangu nilivyokuwa nimeshavua, akasema, "Mke wake. Kweli. Kosa langu."

"Usijali," yule mama akamwambia. "Hapa hakuna kosa."

Niliacha kueleza. Pazia nilikataa, sina cha kuficha. Nikakaa katikati ya duka, nikavua soksi.

Vyeusi viliingia kama vimetengenezwa kwa ajili yangu. Lakini gauni lilikuwa damu ya mzee, na nilikuwa nimeambiwa. Vya damu ya mzee vilikuwepo jozi moja, mchuchumio umezidi ule wa kadiri, ngozi laini, vizuri, vya mama wa mtu mwenye uwezo. Nikavivaa. Urefu ulikubali. Nikasimama, nikashika bega la Mjapani, nikaliachia, nikatembea juu ya zulia. Watu wanawasema wanawake kwamba wanachelewa njiani. Mwanamume yeyote anayesema hivyo nampeleka duka lile.

"Vinakubana?" mama akauliza.

"Sijui. Sasa hivi havibani."

Na hilo ndilo lililokuwa tatizo, maana kiatu chochote hakibani ukikivaa dakika mbili. Mke wangu alikuwa anakwenda kusimama. Nikajaribu kumweleza mzee wa Kijapani: mlango, wageni, wengi, yeye amesimama. Nilidhani hajaelewa. Akaweka viatu vyangu chini, akatoka mpaka mlangoni mwa duka, akageuka, akaingia upya kama mkwe. Akafika mbele yangu akainama. Nikampa mkono. Akapita, akazunguka nyuma ya rafu ya buti, akaingia tena, mkwe wa pili. Akainama. Nikampokea. Aliingia kwa mwendo wa mzee, akaingia kwa mwendo wa kijana, mara moja akaingia amebeba mwavuli mikononi kama mtoto mchanga, na kila mara aliinama, na kila mara nilimkaribisha kwa Kiswahili, karibuni, karibuni sana, poleni na safari, maana sikuona njia nyingine ya kuifanya kazi ile. Yule bwana wa buti nyekundu akajiunga, akapita mara tatu. Mama akazima taa za dirishani na hakutufukuza.

Ukoo wa wakwe ulipofika katikati hivi, kidole kidogo cha mguu wa kushoto kikaanza. Kwanza kama kimeguswa, halafu kama kimeshikwa. Niliendelea kupokea. Nilipokea mpaka mkwe wa mwisho, na mzee wa Kijapani akasimama jasho likimtoka, akaniuliza kwa macho.

"Kidole kidogo," nikasema. "Kushoto. Lakini vinavumilika."

Mama akasema ngozi itaachia kidogo, akakipeleka nyuma kile cha kushoto, akakiweka kwenye kibao cha kutanulia wakati anafunga hesabu. Vyeusi vingemtosha bila maumivu, na nilivishika mkono mmoja, kile kimoja cha damu ya mzee kilichobaki mkono mwingine, nikasimama pale peku. Alikuwa amesema rangi. Alikuwa amesema vimtoshe. Hakusema lipi lianze. Kadi ya simu ilikuwa imekwisha na hata ingekuwepo nisingethubutu kumwamsha tena. Nikamfikiria amesimama mlangoni na gauni lile, na viatu vyeusi vya msiba. Nikachukua vya damu ya mzee.

Njiani tukirudi nilimwambia mzee wa Kijapani achukue kamba zote, afunge zawadi zake, hazina kazi tena. Akaomba radhi. Nikamwambia akiomba radhi tena namwacha mvuani.

Nyumbani alivivaa akiwa amefunga mlango wa chumba, mimi nje kama karani. Alikaa mle muda mrefu. Alipofungua alikuwa amevivaa, mrefu kuliko mimi, na hakusema vimetosha wala havijatosha. Alisema nisogee, namzuia njia.

Jumamosi alisimama. Wakwe walikuja wengi kuliko tuliowaandalia, wakaingia kwa mafungu, na yeye pale mlangoni, gauni na viatu rangi moja, anawapa mikono, anawauliza hali za waliobaki nyumbani. Dada yake alikaa kiti cha nyuma. Mimi nilikuwa upande wa meza ya wazee nikipokea sifa za mashine ya misumari, na sikusikia hata nusu ya sifa hizo, kwa sababu nilikuwa natazama mguu wake wa kushoto. Walipofika katikati hivi nikaona amekiinua kisigino kidogo tu, akakirudisha. Hakuna mwingine aliyeona. Nikawaacha wazee, nikaenda nikasimama karibu naye, bega kwa bega, ili awe na pa kuegemea. Nyuma nilimsikia shemeji yangu anasema, tazameni, hata kwa wakwe bwana huyu lazima ajionyeshe.

Mke wangu aliegemea. Alikuwa anampa mkono shangazi wa bwana harusi, anatabasamu, hakunigeukia.

"Kidole kidogo," akasema kwa pembe ya mdomo.

"Najua," nikasema.